Mulozi wa Kitabu cha Kutoka

Wahubiri wengine wanapenda mno ule mustari wa Kutoka, sura ya 22, unaokataza kumwacha mulozi aishi. Waebrania waliandika neno la kike, mekashefa. Wafasiri wa Kigiriki waliweka pharmakous, watu wa dawa. Mutakatifu Yeronimo akaweka maleficos, watenda maovu. Katika maneno hayo matatu hakuna moja linalosema habari ya bibi kizee kula roho ya mujukuu wake usiku. Hayo tumeyaongeza sisi.

Sasa tusome Deuteronomi, sura ya 18. Wanaokatazwa pale ni waaguzi na wenye kuuliza wafu. Basi mufumu anayetazama maji na kutaja jina la jirani, yeye ndiye amekatazwa wazi. Lakini mukristu anakwenda kwake usiku, kisha asubui anamuletea katekista mustari wa Musa, apate kufukuza yule aliyetajwa! Tena Sheria ileile, kabla ya kuua mutu, ilidai mashahidi 2 au 3. Nani ameona?

Si maneno ya shuleni tu: mwaka 2001, kule Aru katika Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kushitakiwa ulozi.

Katekista aanze na Matendo ya Mitume, sura ya 19. Wachawi wa Efezo walileta vitabu vyao wenyewe, vya bei ya vipande 50,000 vya feza. Vitabu vilichomwa. Watu hawakuguswa.