Je, Mashine Yaweza Kuwa na Dhamiri? Uhakiki wa Kitabu cha Wallach na Allen

Kitabu cha Wendell Wallach na Colin Allen, Moral Machines (Oxford, 2009), kingali miongoni mwa vitabu vinavyotajwa sana katika mjadala wa jinsi ya kuitia akili mnemba uwezo wa kupambanua mema na mabaya. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia wangefaidika kukisoma, ingawa sisi hatukubaliani nacho katika jambo moja kubwa.

Waandishi wanachambua njia mbili. Ya kwanza yaanzia juu: mashine hupewa kanuni, ziwe amri au hesabu ya kupima faida na hasara ya tendo. Ya pili yaanzia chini: mashine huonyeshwa mifano mingi, ikajaribu na kusahihishwa, hata ipate mwenendo. Wao wenyewe wanakiri kwamba kanuni hugongana, na kwamba mifano hubeba makosa ya walioitoa. Hivyo wanapendekeza kuzichanganya, wakimfuata Aristotle katika habari ya tabia njema. Mwana wa Katekisimo hawezi kuudharau uchambuzi huu, kwani Luther naye, mwaka 1529, hakutoa amri tupu: kila amri aliifuatishia swali juu ya maana yake.

Lakini tukitazama kutoka Kyela, twaona neno ambalo mchanganyiko huo haukuligusa. Monica Wilson, binti wa wamisionari, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika Good Company (1951) jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao na kujenga kijiji cha rika lao. Humo walijifunza ukwangala, yaani ule urafiki wa kula, kunywa na kuzungumza pamoja, ambao wazee waliuhesabu kuwa shule ya hekima. Tena ilikuwako "pumzi ya watu": manung'uniko ya majirani juu ya mkosaji, yaliyoaminika kumletea baridi mwilini na ugonjwa. Kijana alikuwa na kanuni, na mifano alikuwa nayo. Zaidi ya hayo alikuwa na watu walioumizwa na kosa lake, ambao ilimpasa kupatana nao.

Hatusemi haya kwa kusifia ya kale. Pumzi ile iliweza kumwangukia asiye na hatia, na vijiji vile vilikuwa vya wanaume, mwanamke akihesabiwa alipo mumewe. Wilson mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1977, ameonyesha jinsi mahusiano ya vizazi yalivyobadilika.

Jambo hili si la maktaba tu. Mwaka 2014 huduma ya M-Pawa ilianzishwa nchini, ikikadiria mkopo wa mtu kwa kuangalia matumizi yake ya simu. Chukua mfano wa mjane mkulima wa mpunga, anayeomba mkopo majira ya kupandikiza, naye akajibiwa na mashine ya namna hiyo kwamba hastahili. Na tuseme kanuni zake ni njema na mifano yake safi. Mama huyu amwulize nani sababu? Mkulima wa kakao aliyepunjwa kwenye mizani ya chama cha msingi humjua karani. Pengine ni shemeji yake! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mtu haki kuhusu maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake. Wanasheria wametutangulia.

Kwa Mtume Paulo (Rum. 2:15) dhamiri hushuhudia, na mawazo hushitaki au kutetea. Kushitakiwa kwahitaji mtu awezaye kutubu, bali mashine ikikosea husahihishwa tu. Wallach na Allen wanajibu kwamba yatosha mashine itende kana kwamba ina maadili, hata ikikosa ufahamu. Kwa breki za gari twakubali. Kwa mjane wetu hatukubali, kwa sababu tukishaiita mashine "yenye maadili", aliyeweka kipimo na aliyekinunua hujificha nyuma ya jina hilo, na ujumbe unaofika kwenye simu ya mama hauwataji.