Ufundi Tuliomzika Nao Kanumba

Mtu wa Kasokola hakulazimika kufika Dar es Salaam ili amjue mwigizaji Steven Kanumba. Diski za filamu zake zilizofungashwa Kariakoo zilipanda basi, au treni ya tawi la Kaliua inayoishia Mpanda, zikasambaa kwenye vibanda umiza vya Katavi: chumba kimoja chenye giza, mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta, na mlangoni ubao ulioandikwa kwa chaki filamu ya mchana na ya usiku. Humo ndimo wakulima wa mahindi na tumbaku walimouzoea uso wake kuliko nyuso za mawaziri. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa. Mwaka huohuo, tarehe 7 Aprili, Kanumba akafariki dunia akiwa na miaka 28. Tangu hapo tumesimuliana usiku wa kifo chake, umati uliofurika viwanja vya Leaders, na safari ya mwisho hadi makaburi ya Kinondoni. Kazi yake tunaigusa kwa nadra. Nami nasema kilichomfanya awe Kanumba ni ufundi wa kuigiza alioupata kwa wakubwa zake, na ndio huo tuliouacha upotee huku tukiling'ang'ania jina.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, na kamera haikuwa mwalimu wake wa kwanza. Alipitia Kaole Sanaa Group, kundi lililorusha maigizo yake kwenye televisheni ya ITV, na watazamaji wakaanza kumtambua kwenye tamthilia kama "Jahazi" na "Dira". Vincent Kigosi tunayemwita Ray na Blandina Chagula tunayemwita Johari walitokea hukohuko. Katika kundi hilo walikuwamo watu wazima kama Bi Hindu, Mhogo Mchungu, na Fundi Said ambaye nchi nzima ilimjua kama Mzee Kipara. Kijana aliyeingia hapo alikuta nafasi zimeshashikwa na watu wenye uzito wao, na ilimbidi kuanza na sehemu ndogo, asikilize, angoje zamu, akosolewe mbele ya wenzake. Mzee Kipara alifariki Januari 2012, miezi mitatu tu kabla ya Kanumba. Tukiangalia nyuma, mwaka ule haukutuondolea nyota mmoja tu. Ulikata uzi uliounganisha mkubwa na mdogo.

Tuseme waziwazi ufundi wenyewe ulikuwa nini, maana wengi hudhani ni sura nzuri na kulia. Maigizo yetu kwa muda mrefu hayakutegemea maneno yaliyoandikwa neno kwa neno. Mwigizaji huelezwa tukio: nani kamkosea nani, nani anaficha nini, wapi ugomvi uishie, maneno anayatafuta mwenyewe, papo hapo, na mwenzake vivyo hivyo. Kisha inakuja kamera, mara nyingi moja tu. Tukio lilelile linarudiwa kutoka upande wa pili ili kuchukua uso wa mwingine, na hapo ndipo asiyejifunza huumbuka. Sentensi aliyoibuni mwanzo lazima irudi kama ilivyokuwa. Glasi iliyoshikwa kwa mkono wa kushoto isihamie wa kulia. Chozi lililodondoka baada ya jina la marehemu kutajwa lidondoke palepale. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa kipaji kitupu. Anahitaji miaka ya kuzoeshwa kusikiliza, kwa sababu anayemsikiliza mwenzake hukumbuka alichojibu na sababu ya kujibu. Kanumba alilimudu hilo, na ushahidi wake naupata zaidi kwenye "Uncle JJ", alipoigiza na watoto, Patrick na Jennifer, kuliko kwenye zile filamu za mapenzi na visasi. Mtoto hafuati mpango wa mtu mzima, husema litakalomjia. Ni mwigizaji aliyeiva tu anayekubali kumwachia mtoto tukio, akabaki na jicho na nusu neno.

Ufundi huo aliutoa nje ya mipaka, na akageuka pia mtengenezaji wa filamu mwenye kampuni yake, Kanumba The Great Film. "Dar 2 Lagos" ya mwaka 2006 ilimkutanisha na Wanigeria, na mwaka 2011 "Devil Kingdom" ikamweka uso kwa uso na nyota wao Ramsey Nouah. Hapa yupo atakayesema: lakini filamu zile zilipigwa kwa siku chache, sauti zikikwaruza, hadithi zikikatwa sehemu mbili ili mteja anunue diski mbili, na Nollywood ikiigwa mpaka kwenye majina ya Kiingereza. Yote hayo ni kweli. Lakini yanahusu soko na vifaa, na hoja yangu mimi iko kwenye kuigiza. Fundi akipewa mbao mbovu, kiti kitakuwa na dosari, ila maungio yataonyesha mkono wa nani umepita. Zaidi ya hapo, wakosoaji wengi hawakufika hata kwenye uigizaji: alipokwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Big Brother Africa mwaka 2009, gumzo lilikuwa Kiingereza chake. Taifa lenye lugha yake lilimcheka mtu aliyeibeba lugha hiyo kwa ustadi hadi Kongo na Burundi.

Wengine watasema ufundi haujafa, umehamia kwenye simu. Leo kijana wa Kasokola anajirekodi kichekesho cha dakika moja na kutazamwa na maelfu bila kumbembeleza msambazaji yeyote. Nafasi hiyo ni ya heri, na nisingependa ifungwe. Ila dakika moja haimfundishi mtu kubeba huzuni kwa saa nzima, wala hakuna mzee pembeni wa kumwambia, "Mwanangu, umesema uongo hapo, rudia." Hata Buster Keaton wa Marekani, mwigizaji na mwongozaji wa filamu zake mwenyewe, alilelewa jukwaani na wazazi wake tangu utotoni kabla hajasimama mbele ya kamera. Na ufundi wake ulitunzwa: filamu yake "The General", ya mwaka 1926, haikupokelewa vizuri ilipotoka. Mwaka 1989 iliingia kwenye orodha ya kwanza ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani iliziteua zihifadhiwe. Na Wamarekani nao walizembea: utafiti wa maktaba hiyohiyo, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu zao ndefu za enzi ya sinema bubu zimepotea. Walistuka wakiwa wamechelewa, wakatunga sheria. Sisi miaka si mingi tangu diski za Kanumba zitoke, na tayari zimejaa mikwaruzo, mashine za kuzichezea zimekufa, na kilichobaki ni vipande vilivyokatwakatwa mtandaoni, vingine bila majina ya walioigiza.

Kwa hiyo Bodi ya Filamu isiishie kukagua na kutoa vibali. Ikusanye nakala safi za maigizo ya ITV na filamu za miaka ile, na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo kiwaketishe wanafunzi wazitazame pamoja na wazee wa Kaole waliobaki hai, wazee hao wakiulizwa tukio kwa tukio walilifanyaje. Nawe uliyekuwa na kibanda umiza Kasokola, Mpanda au popote, kama lile boksi la diski bado liko chini ya kitanda, usilichome moto na usiwape watoto wachezee. Lifute vumbi, andika majina unayoyakumbuka, ulipeleke maktaba ya mkoa au kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, udai risiti.