Spurrier Alisoma Matokeo Mapema Mno

Raundi ya mvinyo mwekundu katika shindano la Paris la kuonja mivinyo ya California na ya Ufaransa bila kuona lebo, 24 Mei 1976, iliharibika kabla haijaanza, na aliyeiharibu ni mwandaaji mwenyewe, Steven Spurrier. Nalisema hili kila mashabiki wa California wanaponitajia ushindi wa mvinyo wao, Stag's Leap 1973, na sitaacha.

Tukio lilikuwa hivi. Majaji wamemaliza mivinyo myeupe. Mpango ulikuwa matokeo yote yasomwe mwishoni. Wahudumu wanakawia kuondoa bilauri, Spurrier anaona muda unayoyoma, anashika karatasi na kusoma: wa kwanza ni Chateau Montelena 1973, wa California! Majaji 9, Wafaransa watupu, wanapigwa na butwaa. Ndipo inapoletwa mivinyo myekundu 10: 6 ya California, 4 ya Bordeaux.

Hebu kaa kwenye kiti cha jaji huyo. Muda mfupi uliopita ulikuwa unaonja, sasa unasaka. Hujali tena mvinyo ukoje, unataka kujua umetoka wapi, ili aibu isijirudie. George Taber wa jarida la Time, mwandishi pekee aliyekuwamo ukumbini, ameeleza kwamba majaji waliingia raundi ya pili wakiwa na nia hiyo. Mvinyo unaoushuku unaushusha, unaodhani ni wa nyumbani unaupandisha, na ukikisia vibaya unautunuku ule ule uliotaka kuuangusha. Stag's Leap iliishinda Mouton-Rothschild 1970 ya Bordeaux kwa pointi 1.5, tena kwa jumla ya alama za majaji wote 9. Kisio moja tu lilitosha kugeuza matokeo.

Lebo zilifichwa vizuri, hilo nalikubali.

Kilichopotea ni kazi ngumu kuliko zote katika fani hii: kusoma mvinyo mchanga uliotengenezwa ili uzeeke. Unainamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe, unatazama ukingoni kama bado ni zambarau au umeanza kugeuka rangi ya tofali. Unauzungusha mdomoni, tanini zinakausha ufizi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Kisha unajiuliza: chini ya ukali huu, tunda linatosha kungoja mpaka tanini ziungane, zilainike, nyingine zitue kuwa mashapo? Swali hilo halijibiwi na mtu anayewinda Wamarekani.

Tazama Ridge Monte Bello 1971, mvinyo wa California wa mtengenezaji Paul Draper. Siku ile ilipewa nafasi ya 5. Mwaka 1986, New York, 9 kati ya mivinyo ile myekundu ilipoonjwa upya, Ridge ikawa ya pili nyuma ya Clos Du Val 1972. Mwaka 2006, London na Napa, ikaongoza. Uwezo wa kuzeeka ulikuwamo kwenye bilauri tangu mwanzo.

Na huku kujumlisha alama nimekupinga siku zote: jaji anayetoa kuanzia 2 hadi 17 anammeza mwenzake anayetoa kati ya 12 na 15. Kinyume chake, Michael Broadbent, aliyeongoza idara ya mvinyo ya Christie's tangu 1966, alirudia mvinyo ule ule kwa miongo, akiandika kwenye madaftari yake madogo mekundu rangi, harufu na hali ya siku hiyo. Huyo ndiye mwonjaji.

Hata Warren Winiarski, aliyeitengeneza Stag's Leap, alistahili kushinda raundi isiyo na doa hili.