Vyungu Vyenye Vichwa vya Watu

Hapa Kikula wako Wakristu ambao wakionyeshwa picha ya chungu cha Wamangbetu, chenye shingo na kichwa cha mtu, husema mara moja: "Hicho ni cha mizimu, kivunjwe." Wengine hujibu: "Sivyo, ni kitu cha mababu wa kale." Sisi twaona pande zote mbili zimehukumu kabla ya kutazama.

Haya, tutazame. Tumbo la chungu ni la mviringo, limechorwa mistari. Juu yake kichwa kirefu, na nywele zimetandazwa nyuma kama taji. Ndivyo wanawake wa cheo walivyojipamba kule Uele. Na vichwa vya watoto wachanga vilifungwa kamba vingali laini. Basi si sura ya mzimu, ni sura ya mtu mwenye heshima.

Wala si vya kale sana. Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, akausifu ufinyanzi wa watu wake; lakini vyungu vya vichwa vilizidi baada ya mwaka 1900, Wazungu walipovitafuta. Lang na Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walikusanya maelfu ya vitu katika Kongo kati ya 1909 na 1915. Watawala walitoa zawadi, na mafundi wakatambua kinachopendwa. Schildkrout na Keim walieleza habari hizo katika kitabu chao cha 1990.

Je, kwa hiyo havina thamani? La! Aliyefinyanga kwa ajili ya mgeni alifinyanga kwa akili yake mwenyewe. Ila vingine vina upungufu: kichwa kimemeza kazi yote, na chungu kimesahauliwa.

Sasa vilinganisheni na vyungu vya Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika Katanga yetu, ambavyo wachimbuzi walianza kuvifukua makaburini mwaka 1957. Hivyo ndivyo vya kale kweli, vya karne ya 10 hadi ya 13 hivi. Sifa yao haitoki katika nyuso. Lakini katika kaburi la mtoto vyungu ni vidogo, kadiri ya umri wake. Fundi yule hakuhitaji kufinyanga kichwa ili amkumbuke mtu. Kwetu sisi sifa hiyo yapita zote.

Basi tusivunje ovyo, wala tusisifu ovyo. Mkikutana na chungu cha namna hii, ulizeni kwanza: nani alikifinyanga, na kwa ajili ya nani?