Nakala Rudufu Huonjwa

Mnadani Moshi, kahawa haihukumiwi kwa uzuri wa gunia. Hukaangwa, husagwa, hutiwa maji ya moto, kisha huonjwa. Nakala rudufu ya kanzidata nayo ihukumiwe hivyo hivyo, maana faili lenye tarehe ya leo laweza kuwa tupu ndani.

Chukua chama cha msingi cha ushirika kinachopokea kahawa Mwika. Jedwali moja lina wakulima, la pili kilo, la tatu malipo. Kigezo cha kwanza: majedwali yote yawe ya wakati mmoja. Ukinakili mafaili huku karani anaingiza kilo, utapata kilo zisizo na mwenyewe. Kwa kanzidata ya PostgreSQL, programu ya pg_dump huchukua hali ya wakati mmoja hata kazi ikiendelea. Mysqldump ya MySQL, kwa majedwali ya InnoDB, huhitaji kuamriwa kwa --single-transaction.

Cha pili ni umri. Jiulize: seva ikifa sasa hivi, nitapoteza kazi ya saa ngapi? Msimu wa mavuno, nakala ya wiki iliyopita imechakaa. Fundi mzuri hutunza pia kumbukumbu za miamala, zimrudishe hadi dakika iliyotangulia kosa.

Cha tatu ni makazi. Diski iliyochomekwa kwenye seva huungua nayo radi ikipiga, na mwizi huzibeba pamoja. Ziwe nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ishuke hadi Moshi au iende mtandaoni. Ila usiegemee intaneti peke yake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini Tanzania.

Cha nne ni kufuli. Majina na akaunti za wakulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nakala isimbwe, na ufunguo ulale kwingine.

Kisha onja. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kanzidata yake kwa bahati mbaya. Katika njia tano za kuhifadhi nakala ilizozitegemea, hakuna iliyofanya kazi sawasawa. Iliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 kabla.

Kwa hiyo kila mwezi rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, chagua wakulima kumi, linganisha kilo zao na stakabadhi za karatasi. Stakabadhi hizo ndizo zitakazokuambia kama mkulima wa Mwika atalipwa haki yake siku seva itakapokufa. Anza mwezi huu.