Hesabu ya Fezanti: Mnunuzi Kwanza, Bunduki Baadaye

Picha zinazowaumbua wapiga fezanti wa Uingereza hufanana mwaka hadi mwaka: shimo pembeni mwa msitu, na ndani yake ndege wenye manyoya ya rangi ya shaba, shingo zimelegea, hakuna hata mmoja aliyenyonyolewa. League Against Cruel Sports, chama kinachopinga uwindaji wa burudani, kimekuwa kikizianika hadharani. Vyama vya wapigaji navyo hujibu kwamba hao ni wachache wenye tabia mbaya. Tabia mbaya ipo, lakini ukifuatilia safari ya ndege tangu bandani hadi shimoni unakuta kosa la hesabu lililofanyika miezi kadhaa kabla. Ndege walilelewa, siku ikauzwa, bunduki zikalipiwa, na hakuna aliyeuliza nyama itakwenda kwa nani.

Fezanti ni jamaa wa kwale na kanga, na asili yake ni Asia. Wengi wanaopigwa Uingereza hawakuzaliwa porini. Mayai huanguliwa kwa mashine, vifaranga hukuzwa mabandani, na majira ya Julai na Agosti huhamishiwa kwenye nyua za wavu msituni, ambako huachiwa kidogo kidogo. Msimu wa kuwapiga hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na kufungwa tarehe 1 Februari. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2021 yanasema fezanti wanaoachiwa kila mwaka ni kama milioni 31.5. Kwa kawaida hupigwa theluthi moja tu; wengine huliwa na mbweha, hugongwa na magari, au hufa kwa maradhi na baridi. Hata hivyo theluthi hiyo ni ndege wapatao milioni 10, na wote wanatafuta mlaji ndani ya miezi minne.

Siku ya ndege 200

Tuchukue mfano wa siku ya kulipia. Wapigaji 8 wanasimama mstari mmoja. Wafurushaji wanapita msituni wakigonga miti kwa fimbo na kupepea bendera, ndege wanaruka juu ya mstari, bunduki zinalia, na waokotaji wanafuata nyuma na mbwa wao. Baada ya zamu nne au tano za namna hiyo, ndege 200 wamo garini. Kwa desturi kila mpigaji huondoka na jozi moja, yaani wote pamoja ndege 16. Tuseme wafurushaji na waokotaji ni 20, nao wapewe jozi moja moja: ndege 40. Jumla 56. Wamebaki 144.

Hao 144 hawamsumbui aliyelipia siku, maana alicholipia amekwisha kukipata. Mzaha wa wapigaji wa zaidi ya karne moja iliyopita unaonyesha kwamba hali hii si ngeni. Walisema ndege akiruka ni gini moja, bunduki ikilia ni peni moja na nusu, ndege akianguka ni nusu krauni. Gini ilikuwa shilingi 21, na nusu krauni ilikuwa shilingi mbili na nusu. Kwa hiyo ndege aliyeanguka alirudisha kama sehemu moja ya nane ya gharama ya kumlea. Leo pengo limepanuka. Mpigaji hulipa pauni 40 na kuendelea kwa kila ndege wa siku yake, ilhali mnunuzi wa nyamapori mara nyingi hutoa peni kadhaa tu, na kuna misimu ambapo baadhi ya mashamba yamelazimika kulipa ili ndege wachukuliwe. Hata tukisema mnunuzi atoe pauni nzima kwa kila mmoja, wale 144 watarudisha pauni 144 katika siku iliyouzwa kwa pauni 8,000. Mwenye shamba anauza msisimko wa kupiga, na nyama kwake ni zao la pembeni.

Ukubwa wa idadi nao umekuwa kipimo cha heshima kwa muda mrefu. Tarehe 18 Desemba 1913, katika shamba la Hall Barn, Buckinghamshire, Mfalme George V na wenzake sita walipiga fezanti 3,937 kwa siku moja. Inasimuliwa kwamba njiani kurudi nyumbani mfalme alimwambia mwanawe kuwa huenda siku hiyo walivuka mpaka.

Nyama inavyopotea

Ndege hai ana joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na manyoya yake kazi yake ni kulihifadhi. Warundike 50 kwenye gunia au sakafuni mwa gari, na walio katikati watabaki na joto kwa saa nyingi. Nafaka waliyokula huchacha, na vijidudu kutoka kwenye utumbo uliotobolewa na marisau huenea nyamani. Ndiyo maana gari linalofaa lina vyuma vya kuwaning'iniza ndege kwa nafasi, upepo upite kati yao. Kanuni za usafi zinadai wanyamapori wadogo wanaopelekwa kwenye vituo vya kuchakata nyama wapozwe hadi nyuzi 4 au chini yake, na wakaguliwe na mtu aliyepata mafunzo ya kutambua dalili za ugonjwa.

Baada ya gari, kipimo cha pili ni chumba cha baridi. Chumba cha kubeba ndege 100 hakiwi cha ndege 144 kwa kuwasukumiza ndani. Ukikijaza hewa haizunguki, na hata wale 100 wa kwanza wanachelewa kupoa. Mnunuzi akija baada ya siku mbili atachagua wazuri na kuwaacha wengine. Hapo ndipo shimo linapoanza kuonekana kama suluhisho.

Upotevu mwingine hutokea angani. Ndege aliyepigwa akiwa chini na karibu hupokea marisau mengi mahali pamoja, kidari kikasagika na mifupa ikachomeka nyamani. Mnunuzi hamtaki. Mpigaji mzoefu humwacha ndege wa aina hiyo apite akamngoja wa juu. Watu husifu jambo hilo kama ungwana wa michezo, na ni ungwana kweli, lakini lina faida ya bucha pia.

Halafu kuna njia ya mkato: kuchana ngozi ya kifua, kutoa kidari na kutupa kilichobaki. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kila ndege na haihitaji kunyonyoa. Lakini kidari ni chini ya nusu ya uzito wa fezanti. Mapaja, mgongo, mabawa, kichwa na manyoya hubaki, na anayechana vidari vya ndege 144 jioni moja anajikuta na lundo ambalo pipa la nyumbani halilimudu. Muundi wa fezanti umejaa kano ngumu kama vijiti, na hilo huwapa watu kisingizio cha kutupa mguu mzima, ingawa paja la juu linafaa kusagwa, kutengenezwa soseji au kupikwa mchuzi kwa moto mdogo.

Sheria na upenyo wake

Ndege akifa bandani kabla ya kuachiwa, anahesabiwa kama mfugo. Tangu mwaka 2003 kuzika mizoga ya mifugo shambani kumepigwa marufuku Uingereza, isipokuwa maeneo machache ya mbali. Mzoga huchomwa kwenye tanuri lililoidhinishwa au huchukuliwa na mkusanyaji mwenye kibali. Lakini akishaachiwa anageuka kuwa ndege wa porini, na kanuni za mizoga ya mifugo hazimfuati kwa ukali ule ule. Ndege huyo huyo, aliyelishwa na mtu huyo huyo, amehama kutoka daftari moja la sheria hadi jingine kwa kufunguliwa lango.

Kutupa mabaki kando ya barabara au kwenye ardhi ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990. Ndani ya shamba lenyewe ndiko kulikozoeleka mashimo ya mizoga. Baadhi ya walezi wa ndege huyatumia kama chambo: harufu huwavuta mbweha, na tanzi za waya hutegwa kwenye njia za kuingilia. Wales ilipiga marufuku tanzi hizo mwaka 2023 na Scotland mwaka 2024, hivyo huko shimo limepoteza hata ile sababu ya kitaalamu iliyokuwa ikitolewa kulitetea.

Vyama vya wapigaji vina kanuni zao za maadili, na zinasema waziwazi kwamba ndege aliyepigwa ni chakula na lazima atunzwe kama chakula. Kwa ushahidi hutaja ripoti ya mwaka 2014, iliyofanywa kwa niaba yao, iliyosema asilimia 97 ya mawindo yanayolika huishia kuliwa. Takwimu hiyo ilitokana na majibu ya wahusika wenyewe. Lakini tuikubali jinsi ilivyo. Asilimia 3 ya ndege milioni 10 ni ndege 300,000 kila msimu. Mpiga picha hahitaji laki tatu. Shimo moja lenye ndege 40 linamtosha. Takwimu inaweza kuwa ya kweli, picha nayo ikawa ya kweli, na kati ya hizo mbili mwananchi ataikumbuka picha.

Yaliyojaribiwa

Mwaka 2018 wadau waliunda British Game Alliance, chombo cha kukagua mashamba na kutafuta masoko mapya ya nyama. Hatua hiyo ilikuwa sahihi kwa sababu ilianzia kwenye soko. Shirika la hisani la Country Food Trust nalo hugeuza fezanti kuwa chakula kilichopikwa na kufungashwa, kikapelekwa kwa wanaosaidia watu wenye njaa. Ubora wa mpango huo umo katika ufungashaji. Kituo cha msaada mjini hakiwezi kupokea ndege 144 wenye manyoya. Kinaweza kupokea paketi inayohitaji kupashwa moto tu. Anayetaka kutoa ndege kama sadaka sharti agharimie pia kuwanyonyoa, kuwapika na kuwasafirisha, la sivyo amemhamishia maskini tatizo lake.

Palipokwama ni kwenye madini ya risasi. Marisau ya kawaida hutengenezwa kwa madini hayo, ambayo ni sumu, na vipande vidogo hubaki nyamani. Mwaka 2019 maduka ya Waitrose yalitangaza kwamba yataacha kuuza ndege waliopigwa kwa marisau ya risasi. Februari 2020 vyama tisa vya wapigaji na watu wa mashambani viliahidi kuiacha kwa hiari ndani ya miaka mitano. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walinunua fezanti madukani kila msimu na kupima marisau yaliyomo. Katika msimu wa 2024/25, asilimia 99 ya fezanti waliokutwa na marisau walikuwa wamepigwa kwa marisau ya risasi. Julai 2025 serikali ikatangaza kwamba itaipiga marufuku, kwa kipindi cha mpito cha miaka mitatu.

Jambo hili linagusa utupaji moja kwa moja. Wapo wanaosema mzoga ukiachwa porini si uchafu, maana mwewe na mbweha watakula. Wangekuwa na hoja kama mzoga haungekuwa na sumu. Mzoga wenye risasi unamlisha mwewe sumu, na aliyeuacha hawezi kudai kwamba ameirudishia ardhi kilicho chake.

Sura mbele ya umma

Sura mbaya ina gharama inayopimika. Mwaka 2018 bodi ya Natural Resources Wales, taasisi inayosimamia ardhi ya umma huko, iliamua kutoendelea kukodisha misitu yake kwa ajili ya kupiga fezanti. Mapitio ya awali ya taasisi yenyewe yalikuwa yameelekea kuruhusu shughuli hiyo iendelee. Kilichobadilisha uamuzi ni serikali ya Wales kusema kwamba haiungi mkono burudani hiyo kwenye ardhi ya umma, ikitaja mashaka ya kimaadili. Vibali havikupotea kwa kuvunjwa kipengele cha sheria. Vilipotea kwa sababu mwenye ardhi, ambaye ni umma, alikuwa amekwisha kujenga picha yake kuhusu wapangaji hao.

Kwa hiyo kampeni za kusafisha jina zinaanza mwisho wa safari badala ya mwanzo. Video ya mpishi maarufu akikaanga kidari haijibu swali la wale 144. Mpangilio unaofaa huenda kinyume na ulivyozoeleka: mnunuzi apatikane na atie saini kabla mayai hayajaagizwa, ukubwa wa chumba cha baridi uamue idadi ya ndege wa siku, siku inayofuata isifanyike mpaka chumba kiwe kimetolewa ndege, na mabaki ya uchinjaji yawe na mkusanyaji mwenye kibali aliyelipwa ndani ya bei ya siku. Mkusanyaji wa namna hiyo ataongeza kiasi kidogo kwenye pauni 8,000, na anayelipa 8,000 anakimudu.

Kisha ije daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na fezanti ni mali. Kila shamba linajua kwa hakika ndege wangapi waliangushwa, kwa kuwa ndiyo msingi wa ankara. Machache huonyesha hadharani ndege wangapi walipokelewa na mnunuzi, wangapi walikwenda nyumbani na wapigaji na wafanyakazi, wangapi walikataliwa na kwa nini. Safu hizo tatu zikijumlishwa zikalingana na ankara, mpinzani akija na picha atajibiwa kwa stakabadhi.

Shamba lisiloweza kuonyesha stakabadhi za ndege 144 bado lina njia halali ya kuendelea msimu ujao: liuze siku ya ndege 56. Wapigaji 8 watapiga ndege saba kila mmoja, kila aliyefanya kazi ataondoka na jozi yake, na hakuna mtu atakayehitaji koleo la kuchimbia shimo.