Usiulize Toleo, Uliza Lenzi

Boksi la Quest 3S, miwani ya uhalisia pepe (VR) ya kampuni ya Meta, halidanganyi, ila linamwachia mnunuzi nafasi ya kujidanganya mwenyewe. Lilitoka Oktoba 2024, mwaka mzima baada ya Quest 3, na lina herufi ya ziada kwenye jina, basi mtu anaamini ameshika kitu kilichoipita ile ya mwanzo. Aivae sasa. Prosesa ni ile ile mpya, Snapdragon XR2 Gen 2 yenye RAM ya GB 8, lakini lenzi ni za mtindo wa Quest 2 ya mwaka 2020, na skrini nayo ni ya pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Quest 3, ile ya zamani, ina pikseli 2064 kwa 2208 na lenzi za aina nyingine kabisa. Meta hawakuficha jambo hili, na bei ilisema yote: dola 299 dhidi ya 499 siku zilipoingia sokoni. Anayelipita kimya ni muuzaji anayekwambia, "Kaka, hili ndilo toleo jipya kabisa," na kwa upande wake hajasema uongo.

Kwa anayetaka kuhama kutoka miwani yake ya zamani ya VR, namba ya toleo ni ushahidi dhaifu. Ubora wa chombo hiki unakaa kwenye vipande viwili vya plastiki mbele ya macho yako, halafu kwenye namna kinavyokaa kichwani. Mengine yote, kuanzia prosesa hadi ukubwa wa hifadhi, yameandikwa kwenye boksi na hayahitaji jicho la mjuzi.

Tuanze na lenzi. Quest 2, Quest 3S na hata PlayStation VR2 ya mwaka 2023 zinatumia lenzi za Fresnel. Zitazame zikiwa zimezimwa, uziinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirishani: utaona duara ndani ya duara, mistari myembamba iliyochongwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mfaransa Augustin Fresnel alibuni lenzi hii miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, ili taa moja imulike mbali bila kuhitaji bonge la kioo. Kwa nahodha aliye maili nyingi baharini ni jambo la maana sana. Kwa jicho lililo sentimita chache tu nyuma yake, ile mistari inatawanya mwanga. Weka maandishi meupe juu ya giza, mfano ile skrini ya kusubiri gemu ifunguke, na utaona miale ikichuruzika kutoka kwenye herufi. Tena picha inakuwa kali katikati tu. Ukisogeza macho pembeni bila kugeuza kichwa, maneno yanafifia.

Quest 3, na Pico 4 iliyoitangulia mwaka 2022, zina lenzi za pancake, ambazo huurudisha mwanga mbele na nyuma kati ya tabaka zake kabla haujafika kwenye jicho. Ndiyo maana miwani yenyewe imekuwa nyembamba, na ndiyo maana unaweza kusoma kona ya skrini kwa kugeuza macho tu kama unavyosoma gazeti. Zina dosari zake: mwanga mwingi hupotea njiani, na kitu cheupe kwenye giza huweza kuzungukwa na ukungu hafifu. Lakini aliyezoea pancake akirudi kwenye Fresnel huwa kama ameambiwa avae miwani iliyopakwa mafuta. Nikiulizwa kitu kimoja tu kinachostahili pesa ya kuhama, nitataja hiki, na nitakitaja kabla ya prosesa.

Kipimo chake hakihitaji gemu yoyote. Fungua mipangilio, tafuta ukurasa wenye maandishi madogo mengi, tuliza kichwa na soma mstari wa juu kabisa, halafu wa chini, halafu pembe zote nne. Kisha tikisa kichwa polepole kama mtu anayekataa chai. Maandishi yabaki yamegandama hewani. Yakiteleza, yakivutika au yakitetemeka, kuna hitilafu ya ufuatiliaji au miwani haijakaa sawa, na hilo ndilo litakalokuletea kichefuchefu nusu saa baadaye.

Kabla hujalaumu lenzi, pima umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo, weka rula chini ya nyusi, funga jicho la kulia usome la kushoto, kisha ubadilishe. Watu wazima wengi huangukia karibu na milimita 63. Quest 2 na 3S zina vituo vitatu tu, 58, 63 na 68, kwa hiyo mwenye 65 na ushee atakuwa anaishi kati ya vituo viwili. Quest 3 ina gurudumu linalokwenda taratibu, na Meta wanaitaja kuwafaa watu wa 53 hadi 75. Mtoto wa shule au mtu mwenye uso mwembamba anaweza kusema "VR inaniumiza kichwa" kwa miaka, kumbe hakuna aliyewahi kumsogezea lenzi. (Meta wenyewe hawaruhusu akaunti ya mtoto chini ya miaka 10. Wazazi walifikirie hilo kabla ya zawadi ya Krismasi.)

Kuna eneo moja ambapo kuhama kunaweza kuwa kushuka. Quest ya kwanza, ya mwaka 2019, ilikuwa na skrini za OLED, ambazo nukta yake ikizimwa inazimika kweli. Quest 2, 3 na 3S zote ni LCD, na usiku wake una rangi ya majivu. Mpenzi wa gemu za kutisha atalihisi hili dakika ya kwanza. PlayStation VR2 ina OLED na weusi wa kweli, ila inadai PS5 au kompyuta yenye adapta yake, na gemu za PS VR ya kwanza haziingii humo mpaka mtengenezaji awe ametoa toleo lake jipya. Mwenye rafu ya diski za zamani alijue hilo mapema.

Sasa jua la hapa kwetu. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi chake hukaa miezi mingi bila wingu la kutosha. Lenzi ya VR inafanya kazi kwa pande zote mbili: kama inavyoikuza skrini kwa jicho lako, ndivyo inavyoukusanya mwanga wa jua kuwa tundu moja juu ya skrini. Miwani iliyoachwa mezani karibu na dirisha, lenzi zikitazama juu, inaweza kuungua kwa muda mfupi sana, na hakuna programu itakayoitibu. Unapokagua ya mtumba, fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, funga jicho moja na ukague skrini kipande kwa kipande. Nukta iliyokufa ni ndogo na ina kingo safi. Alama ya jua iko tofauti: doa la hudhurungi au njano, mara nyingi likiwa na mkia mwembamba uliopinda, kwa sababu jua lilikuwa linatembea na tundu la moto nalo likatembea juu ya skrini. Rudia kwa jicho la pili. Ukiona mkia ule, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu ya bei, kwa kuwa doa hilo utaliona katika kila anga la kila gemu.

Hapo hapo angalia muuzaji anaiweka wapi. Duka ambalo miwani imelala kwenye kabati la kioo linalotazama mlango, lenzi juu, linakusimulia habari za kila kitu kilichomo ndani.

Vumbi ni polepole zaidi lakini lina subira. Kuanzia Juni upepo huu wetu unaingiza vumbi jekundu hadi kwenye droo zilizofungwa. Lenzi ni plastiki. Mtu akifuta vumbi hilo kwa ncha ya fulana, anasugua mchanga. Inamisha lenzi kwenye mwanga wa pembeni: mikwaruzo ya fulana huzunguka katikati, na ile ya miwani ya macho huwa midogo, imekusanyika pale vioo viwili vinapogusana. Anayevaa miwani ya macho ahakikishe kuna nafasi ya kutosha, iwe ni kwa kile kipande cha ziada kilichokuja na Quest 2 au kwa kusogeza uso wa Quest 3, ambao una hatua nne. Kisha weka sikio karibu na feni. Ipigiwe gemu nzito dakika kumi. Sauti ya mvumo ni sawa, mkwaruzo wa chembe ndani yake si sawa.

Ufuatiliaji wa mwendo una mkasa wake wa kwetu. Miwani hii inajua ilipo kwa kamera zake, ambazo hutafuta alama chumbani: kona ya kabati, picha ukutani, pazia lenye maua. Nyumba nyingi mpya za Iyumbu, Njedengwa na kwingineko mjini zina kuta nyeupe tupu, vigae vinavyong'aa na labda kioo kikubwa sebuleni. Kwa kamera hizo, chumba cha namna hiyo ni jangwa. Kabla hujasema miwani ni mbovu, tundika kitenge ukutani, funika kioo, ujaribu tena. Na taa: umeme wetu ni wa Hz 50, wa Marekani ni 60, na taa za bei nafuu humetameta kwa kufuata umeme bila wewe kuona. Kamera zinaona. Kwenye mipangilio ya ufuatiliaji kuna mahali pa kuchagua 50 au 60; miwani iliyotoka kwa ndugu Marekani ikitetemeka usiku na kutulia mchana, anzia hapo. Chaja yake haina shida na volti 230, inahitaji adapta ya pini tatu tu.

Kontrola ipimwe kwa Beat Saber, kiwango cha juu unachokimudu, kwa kuwa hakuna gemu inayofichua mkono uliopotea haraka kama hiyo. Halafu iweke mezani na utazame: mhusika akianza kutembea bila kuguswa, kijiti kimechoka. Fungua pia sehemu ya betri. Kila kontrola ya Quest 2, 3 na 3S hula betri moja ya AA, na zile za bei rahisi zikisahaulika ndani huvuja na kula chuma.

Kuhusu uzito, gramu hazisemi kitu: Quest 2 ni 503, Quest 3 ni 515, Quest 3S ni 514. Tofauti ni wapi uzito umekaa. Quest 3 ni nyembamba, hivyo haivuti uso kuelekea chini kama wenzake. Mkanda wa kitambaa unaokuja nazo zote ni dhaifu, na anayesuka nywele au kufunga ushungi ajaribu na mkanda wa nyuma kabla ya kulipa, kwani ule wa kukaza kwa gurudumu humfaa mmoja na kumuudhi mwingine. Sponji ya Quest 2 za mwanzo iliwasha ngozi za watu. Julai 2021 kampuni iliitisha takriban sponji milioni 4 Marekani na kugawa vifuniko vya silikoni bure. Ya mtumba isiyo na kifuniko hicho, nunua kipya. Sponji ya jasho la mtu mwingine usiijadili hata kidogo.

Yaliyobaki ni mafupi. Muuzaji aondoe akaunti yake na kufuta kila kitu mbele ya macho yako, si "nitakutumia msimbo jioni". Meta haiuzi rasmi nchini, kwa hiyo waranti ihesabu kama haipo. Gemu kubwa ni makumi ya GB, zipakue usiku. Na ukipanga kucheza gemu za kompyuta bila waya, intaneti haihusiki; kinachotakiwa ni ruta yako mwenyewe ya GHz 5 chumba hicho hicho, jambo ambalo Wi-Fi ya pamoja ya hosteli haitakupa.

Nani ahame? Mwenye Quest 2 anayetaka Batman: Arkham Shadow hana njia nyingine, maana gemu hiyo ilitoka kwa Quest 3 na 3S tu. Kwake 3S inatosha, ajue tu kwamba ananunua prosesa. Anayesoma sana, anayetazama filamu, au anayeendesha magari na ndege na kuhitaji kusoma vipimo vya dashibodi, avumilie akusanye pesa ya Quest 3, hata iwe ya mtumba, mradi imepita mtihani wa ukurasa mweupe. Na yule ambaye mwaka mzima anacheza Beat Saber tu na kupiga ngumi, Quest 2 yake ikiwa na lenzi safi, mkanda mzuri wenye betri nyuma utambadilishia mchezo kuliko miwani mpya. Akiamua kuiuza hata hivyo, aizibe lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuikabidhi bodaboda, na aseme ukweli kuhusu kijiti cha kushoto.